Vitambaa Viwili Vibichi

Watu wa Mpondwe watakubishia jambo lolote, kuanzia bei ya vitunguu mpaka mwaka ambao Mto Lubiriha ulifurika, lakini mikono ya Mama Patience hawaibishii. Ukianguka na bodaboda kwenye lami ya Bwera, hujamaliza hata kupangusa matope, mtu ameshakwambia upelekwe kwake. Wakongomani humvukia kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka. Wakulima humteremkia kutoka Nyakiyumbu wakiwa wamefungiwa mikono kwa mikanda na kanga. Hata askari wa kambini, ambao wana zahanati yao na dawa za bure, hupitia nyuma ya ua wake wakijifanya wanatafuta mahali pa kununua sigara.

Jina lake la ubatizo ni Geneviève, la kuzaliwa ni Kavugho, na hakuna anayeyatumia isipokuwa padri. Ana miaka hamsini na minane, ni mrefu na mwembamba, na hana simile na mgonjwa anayetaka kusimulia jinsi alivyoanguka. Humkatiza katikati. Hujipaka vidole mafuta ya mawese, hufumba macho, huushika mkono uliovunjika, na nyumba nzima hunyamaza. Kazi hiyo alifundishwa na shangazi yake huko vilimani juu ya Butembo, tena bila maneno. Shangazi aliuweka mkono wa Kavugho juu ya mkono wa mgonjwa, akauweka wake juu ya wa Kavugho, akavuta. Mfupa ulipoingia mahali pake, msichana wa miaka kumi na mitatu alihisi kigongo kidogo kikipita chini ya kidole gumba chake, na tangu siku ile alijua kazi ambayo Mungu alimpa.

Baadaye vita vilimfukuza, akavuka mpaka akiwa mjane, na Patience akiwa mgongoni. Hakubeba kitu cha maana. Mikono alikuja nayo, na mikono ndiyo iliyomjengea chumba cha matofali karibu na barabara ya mpaka.

Sasa, jambo la kitambaa. Mama Patience hamwachilii mgonjwa wa mkono kwa kumwambia amepona. Siku ya mwisho huvunja vijiti vya matete vilivyoushikilia mfupa, huchukua kile kipande cha kitenge alichokifungia mkono, hukitumbukiza kwenye ndoo ya maji, na kumpa mgonjwa akikamue. Mgonjwa akimaliza, Mama Patience hukipokea na kukikamua tena yeye mwenyewe. Likidondoka tone hata moja, mkono bado. Lisipodondoka, kitambaa kinatundikwa kwenye waya uliokatiza chumba chake ukuta hadi ukuta, nacho hakitolewi tena. Miaka ishirini na saba ya vitambaa inaning'inia pale, vingine vimepauka mpaka maua yake hayaonekani. Mgeni akiingia huinama ili visimguse usoni.

Kitambaa kimoja hakikuwahi kutundikwa. Kilikuwa cha Evas, mshonaji wa Bwera, ambaye miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia aliteleza kwenye ngazi za kanisa akatua juu ya kiganja cha kulia. Mama Patience alivuta, akafunga, akasubiri wiki saba. Siku ya kukamua, Evas alikamua mpaka midomo ikatetemeka, na Mama Patience alipokipokea kitambaa maji yalimwagika kama hakijaguswa. Kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda upande, na vidole havikufika kwenye kiganja.

Mama Patience alimwambia amefungua vijiti nyumbani. Alisema hivyo mbele ya watu, kwa sauti ya mtu asiyekosea. Evas aliinamisha kichwa akaondoka, na kitambaa chake kikakunjwa na kutupwa chini ya sanduku.

Mvua za Oktoba zilipoanza, ikaja zamu ya Mama Patience. Ilikuwa siku ya soko. Alikuwa anavuka mtaro nyuma ya wauza samaki, ubao ukamtoka chini ya miguu, naye akafanya lile lile ambalo kila anayeanguka hufanya: akautanguliza mkono. Wa kulia. Aliposimama aliutazama mara moja tu. Umbo lake lilikuwa la mpini wa jembe uliochongwa na mlevi. Hakulia. Alimwita bintiye Patience, aliyekuwa anauza viatu upande wa pili, akamwambia waende nyumbani, kuna kazi.

Patience ana miaka thelathini na ameyaona mengi katika chumba kile, ila hajawahi kuvuta mfupa wa mtu. Mama yake alikaa kwenye kigoda, akaegemeza mkono kwenye goti, akamwambia ashike. Ashike wapi? Hapa. Hapa wapi? Na hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea: Mama Patience, aliyeunga mifupa ya nusu ya tarafa, alifungua kinywa kueleza na hakupata neno. Avute kuelekea wapi? Kwa nguvu gani? Ajue vipi kwamba umefika? Alijua yote hayo, lakini ujuzi wenyewe ulikaa kwenye vidole, na vidole ndivyo vilivyokuwa vimevunjikiwa. Alijaribu kumwonyesha kwa mkono wa kushoto. Alijaribu kukasirika. Mwishowe alisema vuta tu, na Patience akavuta huku akilia, na mama akasikia ndani ya kifundo chake vipande vikisagana mithili ya maganda ya karanga ndani ya mfuko. Kigongo kidogo hakikupita. Walifunga vijiti hivyo hivyo.

Maumivu aliyavumilia. Kilichomvunja moyo ni rozari. Usiku wa tatu aliishika kama kawaida kwa mkono wa kulia, akaanza Salamu Maria ya kwanza, na alipotaka kusogea kwenye shanga ya pili hakuijua iko wapi. Kidole gumba kilikuwa juu yake, macho yaliona hivyo, lakini kidole chenyewe hakikusema kitu. Cha shahada nacho kilikuwa bubu. Cha kati pia. Alibonyeza shanga mpaka ikaacha alama kwenye ngozi, akaitazama ile alama kama inayomhusu mtu mwingine. Ndipo hofu ikamwingia kweli kweli. Mkono uliopinda mtu anaweza kuishi nao. Lakini vidole visivyosikia, kwa mwanamke ambaye maisha yake yote ameyasikia kwa vidole, ni sawa na kuzimiwa taa ndani ya nyumba.

Hakwenda hospitali. Msimlaumu haraka. Nani aliyewahi kumwona mganga wa mifupa kwenye foleni ya hospitali, amekaa kwenye benchi na watu aliowatibu? Aibu hiyo peke yake ingemuua. Aliyemtoa ndani ni Afande Onen, askari wa kutoka kaskazini ambaye aliwahi kuteguka bega na akapona mikononi mwake. Onen alipata habari kwa Patience, akaazima Probox ya rafiki yake, akaiegesha mlangoni bila hata kuzima injini.

"Mama," alisema, "wewe ulisema lala, nikalala. Ulisema usiguse bunduki mwezi moja, sikugusa. Nilitii amri. Leo amri iko yangu. Ingia gari."

Aliingia. Patience akapanda nyuma, wakaishika barabara ya hospitali ya Kasese. Walipita mbugani, tembo watatu wakiwa wanakula pembeni ya barabara, Patience akamwonyesha, naye hakugeuza shingo. Milima ilikuwa imejifunika mawingu mpaka miguuni.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, Mwacholi wa kaskazini, aitwaye Aber. Mama Patience alimtazama mikono kwanza, kama anavyomtazama kila mtu. Ilikuwa midogo, kucha zimekatwa mpaka nyama, na ilipomgusa haikuwa na papara. Hilo alilikubali kimoyomoyo. Daktari alifungua vijiti vya matete taratibu, akavipanga mezani kimoja kimoja bila kuvitupa kwenye pipa, akauliza nani amevifunga. Patience alisema ni yeye. Daktari alisema vimefungwa vizuri, ila havina kitu cha kushikilia.

Kisha akasema analijua jina la Mama Patience. Amewahi kupiga picha za watoto wa Bwera waliovunjika katikati ya mkono, akakuta mifupa yao imenyooka, akauliza nani aliyewatibu, akatajiwa yeye. Alilisema hilo kwa kawaida tu, hakuwa anambembeleza. Mama Patience, aliyekuja amejiandaa kudharauliwa, alikosa pa kuweka macho.

Picha ya eksrei iliwekwa mbele ya taa. Kwa maisha yake yote alikuwa ameijua mifupa gizani, chini ya ngozi, kwa macho yaliyofumbwa. Sasa mfupa wake mwenyewe ulikuwa umesimama mwangani, mweupe, na mwisho wake karibu na kiganja ulikuwa umepasuka vipande ambavyo hakuweza kuvihesabu. Daktari alimwonyesha kwa ncha ya kalamu. Mpasuko mmoja ulikuwa nje ya kiungo. Mingine ilikuwa imeingia ndani, mahali ambapo mfupa mkubwa wa mkono hukutana na vile vidogo vya kiganja, na pale katikati kipande kimoja, kidogo kama punje ya hindi, kilikuwa kimedidimia chini.

"Ikivunjika hapa juu, mimi na wewe tunaweza kuvuta, inarudi," daktari alisema. "Lakini hiyo moja ya katikati haishikwi na ngozi wala na mshipa. Hata uvute mpaka kesho, haikufuati."

Vidole bubu navyo vilikuwa na sababu. Mshipa wa fahamu unaoelekea kwenye kidole gumba na wenzake unapita kwenye njia nyembamba mbele ya kifundo, na mfupa uliovunjika ulikuwa umeukalia. Ingebidi apasuliwe, njia ile ifunguliwe, vipande virudishwe kimoja kimoja, kisha bamba la chuma lishikize yote kwa skrubu. Mama Patience aliuliza swali moja tu, kama vidole vitasikia tena. Daktari alisema anatumaini. Hakusema zaidi, na mzee akamheshimu kwa hilo, kwani yeye mwenyewe hujua tofauti ya kutumaini na kujua.

Asubuhi ya upasuaji walimchoma sindano ya ganzi juu ya mtulinga, na mkono mzima ukafa mpaka begani, ila yeye alibaki macho. Walimwekea pazia la kitambaa ili asione damu. Lakini upande wa pili kulikuwa na mashine yenye mkono uliopinda kama upinde, na kando yake kioo kama cha televisheni, na daktari aliuliza kama anataka kigeuzwe akione. Muuguzi alisema wagonjwa wengi huogopa. Mama Patience alisema yeye si wagonjwa wengi. Kioo kikageuzwa.

Kuanzia hapo alisahau kwamba mkono ule ni wake. Naapa, ukimuuliza hata leo atakwambia hivyo. Aliona mfupa wake ukitokea kijivu kila mashine ilipolia, kisha ukiganda. Daktari alikuwa akisema anachofanya, kwa sauti ya chini, maana aliombwa. Amepasua ngozi upande wa mbele, urefu wa kidole. Ameisogeza kando kano moja, na mshipa wa damu, na mshipa wa fahamu, vyote bila kukata kitu. Njia ile nyembamba ameshaifungua. Sasa ameufikia mfupa. Mama Patience alijua maana ya maneno hayo kuliko mtu yeyote mle ndani ambaye hakusomea. Miaka arobaini na mitano aliwaza kuna nini baina ya ngozi na mfupa, na huyu binti alikuwa anatembea humo kama mwenye nyumba.

Vipande vikubwa vilirudi kwanza. Daktari alivuta na msaidizi wake akashikilia, na Mama Patience alikiona kwenye kioo kile ambacho siku zote alikisikia tu: kigongo kidogo kikipita, mfupa ukiingia mahali pake. Machozi yalimtoka yenyewe. Alikuwa hajui kwamba kuna siku mtu anaweza kuliona jambo lile kwa macho. Aliwaza kuhusu shangazi yake, aliyefariki bila kukiona.

Waya mwembamba ukachomekwa kuvishikilia. Mashine ikalia. Daktari alitazama kioo, Mama Patience akitazama pia, na wote wawili wakasema kwa pamoja, "Bado."

Ilikuwa ile punje. Vipande vyote vilikaa sawa, uso wa kiungo umekaribia kuwa laini, lakini katikati palikuwa na shimo dogo ambapo punje imezama. Ukiugusa mkono kwa nje usingejua kitu. Umbo lote lilikuwa zuri. Mganga yeyote angefurahi, angefunga vijiti, angemwambia mgonjwa arudi baada ya wiki saba.

Alikumbuka mkono mwingine, mnene kidogo, wenye kovu la pasi karibu na kidole gumba. Alikumbuka kwamba siku ile aliuvuta, kigongo kikapita, halafu vidole vyake vikakutana na uvimbe mdogo katikati ambao haukuwa na maelezo. Alijiambia ni damu imeganda. Wiki zilivyopita mfupa ulizama polepole kuelekea kwenye lile shimo, ukapinda, nao vijiti havikuwahi kufunguliwa na mtu.

"Evas," alisema kwa sauti.

Daktari aliuliza Evas ni nani. Lakini alikuwa ameshainama tena bila kungoja jibu. Aliingiza chuma chembamba kwa chini, kupitia kwenye mpasuko, na kwenye kioo ncha yake ikaonekana ikiisogelea punje, ikaigusa kwa chini, ikaiinua. Iliinuka kidogo. Ikasimama. Ikainuka tena, mpaka ikawa sawa na jirani zake, na shimo halikuwepo. Muuguzi aliyekuwa anatembea alisimama. Bamba likafuata, lenye umbo la herufi T, kisha skrubu moja baada ya nyingine zikipita chini ya ile punje ili isizame tena. Mama Patience alikuwa amekwisha kutubu dhambi nyingi katika maisha yake, lakini hajawahi kuona mahali ambapo Mungu alimfichia kiburi chake, mpaka alipokiona kwenye kioo kile, ukubwa wa punje ya hindi.

Alirudi Mpondwe na bandeji. Watu walikuja kumpa pole, wengine kwa huruma na wengine kumchungulia, na aliwaeleza wote habari ya kioo na punje mpaka Patience akachoka kusikia. Habari ya Evas hakumwambia mtu. Kila asubuhi alisema atakwenda Bwera, na kila jioni alikuwa na kisingizio. Kwanza nyuzi hazijatolewa. Kisha nyuzi zikatolewa, akasema anaelekezwa mazoezi. Ukweli ni kwamba vidole vilikuwa bado bubu, na aliogopa kwenda kukiri kosa la mikono huku hajui kama bado anayo. Akienda kama mtu aliyemaliza kazi, ataonekana anakiri kwa kuwa hana cha kupoteza. Alitaka kwenda akiwa na cha kupoteza.

Siku ya kumi na tisa baada ya upasuaji alikuwa kwenye Fumbo la tatu, rozari mkononi, akisogeza shanga kwa kuzitazama kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Chini ya kidole gumba kitu kikamchoma, kidogo sana. Aliacha kusali. Alifumba macho, akasogeza kidole. Shanga. Akasogeza tena. Uzi. Shanga nyingine. Aliimaliza rozari nzima hivyo, macho yamefumbwa, akichukua muda mrefu kwa kila moja, na Patience alipoingia na chai alimkuta amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, uso umelowa.

Kesho yake walikwenda Bwera.

Evas alikuwa kwenye kibaraza cha duka lake. Cherehani ilikuwa ya dada yake siku hizi. Yeye alikaa kando akiuza vifungo na nyuzi, na kitambaa kikitakiwa kukatwa alishika mkasi kwa mkono wa kushoto. Alipomwona Mama Patience alisimama kwa heshima, akamtafutia kiti, akampa pole ya mkono. Mama Patience hakukaa. Aliomba ampe mkono wake wa kulia, na Evas akautoa bila kuuliza, kama watu wote wanavyofanya mbele yake.

Aliushika, akafumba macho. Vidole vilikuwa bado vizito, vikisikia kana kwamba vimevaa soksi, lakini vilisikia. Alipita juu ya mfupa uliopinda, akafika katikati, akasimama pale pale aliposimama miaka miwili iliyopita.

"Evas," alisema, "haikukuwa kosa yako. Wewe haukufungua kitu. Mukono yangu ilisikia hapa kama iko kitu, na mimi nikakataa kusikia. Niko nasema hivi mbele ya batu, kwa sababu ile siku pia nilisemaka mbele ya batu."

Dada yake Evas aliacha kukanyaga cherehani. Evas mwenyewe aliutazama mkono wake, ukiwa bado umeshikwa. Mama Patience alisubiri kutukanwa. Alikuwa amejiandaa, na angekubali.

"Mimi nilijua sikufungua," Evas alisema hatimaye. "Lakini wewe ndiyo ulisema, Mama. Mikono yako haikosei. Nikafikiri basi nilifungua usingizini, sikujua. Tangu hiyo siku nafunga mkono kwa kitanda, ndiyo nilale. Hata jana nimefunga."

Alikunja mkono wa gauni. Juu kidogo ya kifundo ngozi ilikuwa na mstari mweusi, laini, wa kamba iliyozoea kupita pale kila usiku kwa miaka miwili. Mama Patience aliupitishia kidole gumba mstari ule, na kidole, ambacho wiki iliyopita kingekuwa bubu, kikausikia wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Alitamani kisingesikia. Alipiga magoti pale kibarazani, mbele ya wateja, mwanamke asiyewahi kumpigia mtu magoti isipokuwa padri, na Evas akashuka chini naye akimwomba ainuke.

Wiki ile ile Probox ya rafiki yake Onen ilikwenda tena Kasese. Daktari Aber alitazama picha ya Evas kwa muda mrefu, kisha akasema ukweli wake kama kawaida. Ndani ya kiungo pameshalika, hawezi kupafanya pawe papya. Ila mfupa uliopinda anaweza kuukata, akaunyoosha, akaushikiza kwa bamba, na mkasi utashikika. Evas aliuliza atafungwa kwa muda gani asije akafungua. Mama Patience alijibu yeye, kabla ya daktari. Alisema safari hii vyuma viko ndani, hata akilala akipigana na majini havifunguki, na ile kamba ya kitandani ameshaichoma yeye mwenyewe.

Kukamua kulifanyika baada ya Pasaka, katika chumba cha vitambaa. Ndoo iliwekwa katikati. Mama Patience alitoa kitambaa cha Evas chini ya sanduku, cha kijani chenye ndege, akakifua, akakitumbukiza. Evas alikikamua. Maji yalianguka mengi, yakapungua, yakakoma. Mama Patience alikipokea kwa mkono wake wenye bamba, akakamua kwa nguvu zote alizonazo. Halikudondoka tone.

Siku zingine angekitundika. Alisimama nacho, akakitazama, akautazama mkono wake. Kisha akamkabidhi Patience, akamwambia akamue yeye. Patience alikamua, na matone mawili yakaanguka kwenye ndoo, na chumba kizima kikayasikia.

Mama Patience alichukua kitambaa chake mwenyewe, kile alichofungiwa siku ya ubao wa mtaroni, akakikamua kadiri alivyoweza, akampa Patience. Yalianguka matano.

Safari hii hakusema "bado". Aliburuta kigoda, akapanda, akavitundika vyote viwili kwenye waya vikiwa vibichi, kimoja kando ya kingine, huku vikidondosha maji sakafuni. Vimekwisha kukauka tangu zamani. Lakini mgonjwa akiingia siku hizi na kifundo kilichovunjika, kabla hajamgusa, Mama Patience humwonyesha vitambaa hivyo, humweleza cha kijani ni cha nani na kwa nini kilitundikwa kikiwa na maji, halafu humpigia simu Onen aulize kama ile Probox ina nafasi.